Nilifufua injini ya 504 ya Papa, Mama akanipokea kama mgeni

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Niko Kisangani, msomaji wa kimya wa jukwaa hili la magari. Leo naandika jambo langu mwenyewe, na nitalieleza kama lilivyotokea, hata pale linaponiaibisha.

Marehemu Papa alifanya biashara ya mchele. Alikuwa akiufuata Banalia na Peugeot 504 familiale, lile refu la nyuma pana, na kurudi gari limeinama nyuma kwa magunia.

Injini yake ilikuwa na kikohozi. Pistoni moja iliwahi kumvunjikia njiani, akaweka ya kuokota kutoka gari lingine. Basi silinda tatu zilikuwa zinaimba, ya nne inakohoa.

Mama aliijua sauti hiyo. Gari likishika daraja la Tshopo tu, sisi watoto hatujasikia kitu, yeye ameshabandika ndizi za lituma. Papa akishuka, zinatwangwa.

Papa alipofariki, gari lilikaa miaka mingi chini ya mabati. Mama naye macho yakaanza kumwacha. Siku moja akaniambia angependa kulisikia tena, mara moja tu, kabla hajaenda zake.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kazi hii.

Nikamtafuta Tonton Ramazani, fundi aliyelihudumia zamani. Tukashusha injini. Hapo ndipo ugonjwa wangu wa upgrade ulipoanza, si mnaujua wenyewe.

Pistoni mpya, kubwa kuliko za kiwandani. Culasse, yaani kichwa cha injini, mpya. Kabureta ya midomo miwili. Ekzozi mpya. Nilitaka kitu ambacho Papa angekiona angeduwaa.

Tonton akaniuliza vile vya zamani tuvitunze au vipi. Hapa kwetu aluminiamu haitupwi, inapelekwa kwa mafundi wanaoyeyusha na kumimina sufuria. Nikasema peleka. Tena nikajiona mwerevu, nikaagiza sufuria moja ya Mama itoke humo humo.

Siku ya kuwasha, injini ilitulia kama maji mtungini. Nikavuka daraja, nikageuza, nikarudi nyumbani alasiri, saa ile ile ya Papa. Njia nzima namwona Mama kichwani mwangu, ameshabandika.

Nikaingia uani. Jiko halina moto. Mama yuko kwenye kiti chake, akageuza uso kufuata mlio.

"Karibu," akasema. "Mutoto yangu haiko, ametoka. Weye ni nani?"

Nikamwambia ni mimi, na hili ni gari la Papa. Akaja, akalipapasa boneti na mlango, mkono wake ukakumbuka. Kisha akasikiliza tena.

"Motuka iko yake," akasema. "Lakini yeye haiko ndani."

Wakuu, nilizima gari nikakimbia kwa wamimina sufuria. Nilikuwa tayari kurudisha kila kitu, hata ile pistoni ya kuokota. Vyote vilikuwa vimeshayeyushwa. Fundi akanipa sufuria niliyoagiza, imeshapigwa msasa, akidhani nimeifuata.

Nikampelekea Mama, nikamweleza ukweli wote. Hakunilaumu. Aliishika mapajani muda mrefu, na mimi nikatamani anigombeze.

Tangu hapo anabandika mapema, katika sufuria hiyo hiyo, bila kungoja mlio wowote. Juzi nilichelewa kazini, nikakuta ndizi zimeiva kitambo. Nikamuuliza mbona siku hizi hangoji mtu.

"Papa yako amefika kale," akasema. "Tulikuwa tunangoja weye."

Somo langu ni hili: kabla hujafungua boliti ya kwanza, irekodi injini yako na uchafu wake wote. Halafu uliza nyumbani ni nani huwa anaisikiliza. Mimi sikuuliza. Gari sasa linapanda kilima bila kuhema, na kile kikohozi nakitamani mpaka naumwa.

Karibuni mnishauri, hata mkinicheka ni haki yenu. Ila wenye 504 za zamani ambazo hazijaguswa, niwekeeni sauti humu. Video sitaki. Hasa kama kuna silinda inayokohoa.

Najua haitakuwa yake. Nitaisikiliza peke yangu kwanza, Mama akiwa amelala.