Kiti cha Mama Kando ya Babu

Pazia la mwalimu Zaina lilinuka naftalini na mafuta ya taa, na mpaka leo nikifungua sanduku la nguo za zamani nalikumbuka. Lilikuwa zito, rangi ya damu ya mzee. Mwalimu alilikata akanishonea gauni la mwanamke wa ukoo mkubwa wa Uingereza ya kale, maana msimu ule wa mvua, nikiwa darasa la sita katika shule ya Kisondela, nilichaguliwa kuwa Bibi Margareti katika mchezo wa siku ya wazazi.

Mwalimu Zaina aliletwa kwetu kutoka Tanga kufundisha historia, na baridi ya Rungwe ilimtesa mpaka akawa anafundisha na koti. Mchezo aliutunga mwenyewe. Margareti amezaliwa katika jumba lenye watumishi wake, lakini anapelekwa kwa mfalme ili naye awe mtumishi wa malkia, na watu wanamwonea wivu kwa heshima hiyo. Kazi yake ni kupiga magoti na kushika taulo malkia anaponawa, kumfunga kamba za gauni, na kusimama saa nyingi bila kuegemea ukuta. Akitoka mbele ya mfalme hurudi kinyumenyume, asimpe mgongo. Watoto wake wanakua mbali naye, na hawezi kwenda kuwaona mpaka aruhusiwe. Halafu mfalme anamchoka malkia, analetwa malkia mwingine, na Margareti anaendelea kushika taulo lile lile kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wenzangu waliyaona mambo hayo kuwa vioja. Mimi nilikuwa nayaona nyumbani kila siku. Nyumba yetu na ya babu, baba yake baba, zilitenganishwa na migomba tu, na kwa mila yetu Wanyakyusa mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Mama akisikia kikohozi cha babu njiani, aliingia migombani, akajifunika kanga usoni na kungoja apite. Jina la babu hakulitamka, wala neno lililofanana nalo. Chakula cha babu alikipika yeye, nikakipeleka mimi. Babu akimaliza alisema, "Mwambie aliyepika, ndaga," nami nikarudi na shukrani pamoja na sahani tupu.

Kwa hiyo aliyenifundisha kuwa Margareti ni mama. Alinifanyisha mazoezi jikoni, nikirudi kinyumenyume kati ya mafiga na ndoo za maji. "Usiangalie miguu," alisema. "Wewe sikia tu mkubwa yuko wapi." Alikuwa hajawahi kuniona nikifanya chochote shuleni, kwa sababu babu ndiye aliyetoa shamba la kujengea shule, na kila sherehe mgeni rasmi alikuwa yeye. Safari hii mama aliapa kuja. Angesimama nyuma kabisa, mlangoni, babu akiwa mbele. Nilitaka aje kuliko nilivyotaka makofi ya watu wote.

Mwalimu Zaina hakujua haya, na hakuna aliyefikiria kumwambia. Kwa wema wake akamwekea mama yangu kiti mstari wa mbele, kando ya mgeni rasmi, kisha akamfuata mlangoni na kumshika mkono. Niliwaona kupitia upenyo wa shuka tuliyoitundika mbele ya jukwaa. Mama alivutwa hatua chache, akakiona kisogo cha babu, akajinasua na kutoka mbio kwenye manyunyu. Mwalimu akarudi peke yake mpaka kwenye kile kiti. Maneno yote ya Margareti yakanitoka kichwani.

"Kiti hiki cha nani?" babu akauliza.

"Cha mkweo, babu. Sijui nimemkosea nini."

Babu alikitazama kile kiti kitambo, akachukua fimbo yake. "Nimemwacha ng'ombe wangu barabarani. Naenda kumwangalia."

"Lakini wewe ndiye mgeni rasmi."

"Ng'ombe hajui habari za mgeni rasmi," akasema, akatokea mlango wa pembeni bila kugeuza macho kule alikokimbilia mama.

Ukumbi mzima ulijua kwamba hakuja na ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Baadaye kidogo mama akaingia, kanga imelowa, akasimama nyuma, na maneno yangu yakarudi. Nilishika taulo, nikapiga magoti, nikarudi kinyumenyume bila kugonga dawati. Dirishani nilimwona babu chini ya upenu wa darasa la pili, ametugeuzia mgongo, mvua ikimrukia miguuni.

Siku hizi wifi yangu, mke wa kaka, anakula meza moja na baba yangu. Wanagombania rimoti, na humtania kwa kukoroma kwake. Napenda kuwaona hivyo, na sitamani mtu yeyote arudishwe migombani. Mwaka juzi babu alipofariki, wakwe waliruhusiwa kupita kwenye jeneza. Wifi alipita, akalia, akageuka akaenda kukaa. Mama alisimama muda mrefu akimtazama babu usoni, kisha akaninong'oneza akiuliza kama kovu lile juu ya jicho babu alikuwa nalo siku zote. Nikamwambia alikuwa nalo tangu nilipopata akili.

"Haya," akasema. Akavuta kanga kichwani, na akaondoka pale kinyumenyume.