Linux ya Mama wa Runzewe

Wiki hii nimeshindwa kuandika nilichopanga. Mama wa steshenari pale Runzewe, aliyewachapia wachimbaji mikataba na vijana barua za kuomba kazi, ametangulia mbele ya haki. Hatukuwa ndugu. Alikuwa mteja wangu wa kwanza, na mimi, fundi niliyejifunza kompyuta kwa kuziharibu, nilimpenda kwa sababu hakuwahi kuniuliza cheti.

Virusi vilikuwa vimemchosha. Machimboni flashi moja hupita mikononi mwa watu wengi, na kila iliyochomekwa pale dukani ilimwachia balaa. Windows yake ilikuwa ya kunakiliwa, kama za wengi, na hilo nalo lilimkera. "Mwanangu, nafunga Ramadhani huku natumia kitu cha wizi?" Nikamwekea Linux, mfumo wa kompyuta wa bure na halali. Virusi vikakoma, wateja wakaanza kunung'unika. "Mama, Word iko wapi?" aliuliza mchimbaji mmoja, akiitazama programu ngeni ya kuandikia. "Si hiyo hapo, imevaa nikabu tu." "Basi ifunue uso kidogo, jedwali langu limepinda!" Duka zima lilicheka. Mimi nilirudi kwangu Ibadakuli nikakosa usingizi kwa ajili ya jedwali lile. Ndivyo nilivyo, kitu kikipinda kidogo nami napinda nacho.

Msibani, binti yake aliyeachiwa duka aliniita pembeni. "Kaka, pole na safari. Printa imegoma tangu mama alazwe. Fundi wa jirani kaja, anasema mfumo huu hajawahi kuugusa. Wateja wanahamia duka la pili. Nirudishe Windows?" Hotuba nilikuwa nayo mdomoni: uhuru, usalama, mashine kuukuu kupata nguvu upya. Nikaimeza. Miaka yote nimelinganisha mifumo hii kwa kasi na bei, sikuwahi kuuliza nani ataitengeneza siku nisipopokea simu. Ile ya kulipia ina mafundi kila kona ya soko. Ya bure ilimtegemea mtu mmoja, naye anaishi mwendo wa basi kutoka hapo.

"Rudisha," nilimwambia, "ila nunua ya halali. Mama asingetaka nyingine." Nimechoka, wasomaji wangu, na kinachonichosha zaidi ni kuwa sahihi peke yangu. Kitu cha bure kinahitaji majirani wanaokijua. Kikiwakosa, gharama yake humwangukia anayebaki kufungua duka baada ya maziko.