Kichwa cha Wifi Yangu

Nilikuwa na miaka arubaini na saba nilipoambiwa na msichana wa miaka ishirini na mitano kwamba sijui kushika kichwa cha mtu. Arubaini na saba! Nimesuka vichwa vya nusu ya Waa, maharusi na watoto wa chuoni, leo nimesimama Ukunda ndani ya saluni ya vioo, nimevalishwa aproni ya waridi kama mtoto wa nasari, naambiwa, "Mama, unashika kichwa ya mtu kama kitunguu." Kichwa ya mtu! Nikameza mate. Mwalimu ni mwalimu, hata kama hajui kuamkia watu.

Maana hilo nalo lilikuwa lake. Asubuhi nikiingia, yeye ndiye mdogo, yeye ndiye wa kusema shikamoo. Lakini katoka bara, na huko kwao sijui hufunzwa nini, kwa hiyo alikuwa akinipokea na "Sasa mama?" Sasa nini? Nilikuwa nikimjibu "Marahaba" vivyo hivyo, kama niliyeamkiwa, na mpaka leo sijui kama alielewa kuwa namkanya.

Sikwenda pale kwa kupenda. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Diani, nikifua na kupiga pasi mashuka ya wageni. Baada ya zile fujo za Likoni wageni wakakatika. Mashuka yakakosa wa kuyalalia, nasi tuliokuwa tukiyafua tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Hatukuitwa. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki, wanangu wameolewa na wana yao, na nyumbani Waa tumebaki wanawake wawili, mimi na dada wa marehemu, wifi yangu, aliyenizidi miaka minane. Tulikuwa na mihogo na minazi michache, alhamdulillahi, lakini mtu haishi kwa mihogo mitupu.

Kwa hiyo niliposikia kwamba pale saluni mtu hufundishwa miezi sita, na akifaulu mtihani hupewa kiti chake mle mle afanye kazi, nilikwenda. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, cha karibu na dirisha. Nilikitaka kiti kile kama nilivyowahi kutaka mume. Sharti la mwalimu lilikuwa wazi pia: anayefeli hurudia mara moja baada ya miezi mitatu, kiti kikimngoja, na akifeli tena ampishe mwingine.

Sasa huyo wifi. Mwenzangu, nikisema habari zake utadhani nasingizia. Mwanamke yule hakuwahi kunijibu bila kunitukana. Mawifi ni watani, hilo najua, lakini utani una mapumziko. Yeye hakuwa na mapumziko. Nikimuuliza chumvi iko wapi, "Iko palipo, juha wee, macho umeyasahau dobini?" Nikisema naona mvua inakuja, "Umeiona weye, zuzu, iliyokunyeshea jana hukuiona?" Miaka ishirini na sita niliishi naye hivyo. Siku nilipomwambia naenda kusomea ususi alicheka mpaka akakaa chini. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema. "Weye samaki gani? Weye ng'onda mkavu!"

Na nusura nimwamini. Mimi nimezoea kusuka nimekaa kigodani, mtu kakaa mkekani mbele yangu, kichwa chake nimekibana kwa magoti. Pale mteja ndiye anayekaa juu kwenye kiti cha kuzunguka, na msusi ndiye anayesimama kutwa nzima. Vidole vyangu vikapotea njia. Twende kilioni, ambayo nilikuwa naisuka huku nasinzia, ikatoka imepinda kama njia ya ng'ombe. Miguu ikavimba. Wasichana niliokuwa nikisoma nao, wanne, wote wangeweza kuwa wanangu, wakawa wananiletea maji ya kunywa bila ya kuombwa, na hilo liliniudhi kuliko kuchekwa.

Tulikuwa na kichwa cha plastiki cha kujifunzia, chenye nywele ndefu za Kizungu, kila mmoja akienda nacho nyumbani kwa zamu. Zamu yangu nilikifunga ndani ya kanga nikakiweka juu ya meza, nikatoka kwenda kuchota maji. Wifi akadhani ni papai. Kilio nilichokisikia kisimani, nikajua kafa mtu. Nilimkuta ameegemea ukuta, mkono kifuani. "Watu wanauliza wageni wa Diani wamekwenda wapi," akasema alipopata sauti, "kumbe unawachinja weye!" Habari hiyo ilizunguka Waa nzima, na kila niliyekutana naye njiani akaniuliza mzoga hajambo.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kutia dawa, dawa ile ya kulainisha nywele iliyoandikwa kwenye ubao wa saluni, na haukufanywa kwenye plastiki. Kila mwanafunzi aje na kichwa chake, yaani mtu wake wa kufanyiwa. Dawa itiwe, ikae dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani, ioshwe, mwalimu apitishe kichana. Kichana kikipita bila ya kukwama, umepasi.

Kichwa sikupata. Nilizunguka kwa jamaa wote. Huyu ana harusi mwezi ujao, yule mumewe hataki, yule mwengine alinitazama mikono akasema atafikiri. Binti yangu mwenyewe, niliyemsuka tangu utosi haujakaza, akaniambia, "Mama, si kwamba sikuamini." Basi ni nini? Nilirudi nyumbani siku tatu kabla ya mtihani nikakaa barazani nikalia kwa hasira. Wifi alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Chukua changu," akasema, "uache kuninunia, mbumbumbu wee. Kichwa chenyewe kimezeeka, hakuna mume wa kukishika."

Akanipa na masharti yake: asiingie mwanamume mle ndani yeye akiwa kichwa wazi, pazia lishushwe, na kila unywele utakaotoka arudishiwe mkononi, maana nywele za mtu hazitupwi ovyo. Nikakubali yote. Nami nikampa sharti langu, moja tu. Tangu siku ile mpaka mtihani asioshe kichwa, asijichane kwa nguvu, asijikune. Dawa ile ikikuta ngozi imekwaruzwa huunguza. Nilimrudishia mara tatu. "Nimesikia," akasema, "kwani mie kiziwi, juha?"

Siku yenyewe nilitangulia asubuhi kufagia saluni. Wifi alikuja peke yake saa nne, kavaa buibui lake la kutokea, ananukia udi tangu mlangoni. Nilifurahi kuona amejipamba kwa ajili yangu. Nikashusha pazia, nikamkalisha, nikafumua mabutu yake. Hapo hapo akaanza. Mikono yangu baridi. Napumua kama ng'ombe. Nimemvalisha aproni kama mpishi wa hoteli. Nikampaka mafuta ya mgando pembeni mwa uso na nyuma ya masikio, nikavaa glavu, nikatia dawa fungu kwa fungu kama nilivyofunzwa. Mwalimu kasimama na mikono nyuma, macho kwenye saa. Nilikuwa na hofu, na hofu ilinipofua, maana yaliyokuwa mbele ya macho yangu sikuyaona.

Dakika ya nne wifi alinyamaza. Sikutia maanani, nikashukuru. Dakika ya sita nikamuuliza, kwa kuwa tulifunzwa kuuliza, "Wifi, inawasha?"

"Haiwashi, wifi yangu," akasema. "Endelea tu, mpenzi."

Mpenzi! Miaka ishirini na sita, mazishi mawili tumeyapitia pamoja, sijawahi kuitwa mpenzi. Nikatazama chini. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimekunjamana ndani ya ndara, na pindo la buibui amelikamata kwa mikono miwili.

Nikamshika mkono nikamwinua. "Namwosha," nikamwambia mwalimu.

"Mama, bado dakika tisa."

"Najua. Namwosha."

"Ukiosha saa hii umefeli."

"Basi nimefeli!" nikamfokea, na Mungu anisamehe, nilimfokea kweli. Wifi naye akashikilia kiti. "Niache! Bado dakika tisa, husikii?" Tukavutana pale mbele ya wasichana wote, wanawake wawili wazima, mmoja ana dawa kichwani nyeupe kama bandiko la unga, mpaka nikamfikisha kwenye beseni. Maji yalipopita ndipo nilipoona. Mistari ya kichana cha mti, myekundu, kutoka utosini mpaka kisogoni. Nyuma ya sikio la kushoto ngozi imetoka, pana kama kifuniko cha soda. Mwalimu alikwenda mwenyewe kuleta maji ya baridi, akamwagia polepole kwa kikombe, mimi nikikusanya nywele zilizotoka nikizifunga kwenye karatasi, kama nilivyoahidi.

Tulishuka Waa. Tulipoingia ndani nikalipuka.

"Uliosha kichwa!"

"Niliosha. Jana usiku. Na mba nikazikwangua zote."

"Nilikwambia usioshe! Mara tatu nilikwambia!"

"Niende kwa watu, niinamishwe kichwa na mtoto wa mtu, nikinuka? Waseme wifi yako mchafu? Usafi ni sehemu ya imani, weye hukufunzwa?"

Yarabi. Nilizunguka chumba kizima nikitafuta kitu cha kuvunja. "Na ilipokuwa inakuunguza! Wewe, wewe ambaye hata ukilala unasema, leo ndiyo siku ya kunyamaza?"

Alikuwa amekaa kitandani, kichwa kimefungwa kanga kuukuu. "Ningesema, ungefeli," akasema.

"Nimefeli hivyo hivyo!"

"Umefeli kwa ujuha wako. Mie nilikuwa nimebakisha dakika tisa tu. Nani asiyeweza kuvumilia dakika tisa?" Kisha akageukia ukutani. "Sikutaka urudi nyumbani huna kiti," akauambia ukuta.

Nilitoka nje nikakata mshubiri, nikarudi nikampaka nyuma ya sikio. Nilikuwa bado na hasira naye, na nikampaka kwa hasira, na machozi yakanidondoka juu ya bega lake, naye akaniambia nisimloweshe.

Miezi mitatu ilikuwa mirefu. Nilikwenda saluni kufagia na kuosha taulo, na kiti cha dirishani kikawa kinanitazama. Kidonda kilipona, nywele zikaota tena pale mahali, fupi fupi. Waa yote ilionyeshwa. Alikuwa anavuta kanga pembeni na kusema, "Tazama, wifi yangu kafeli, kichwa changu kingepasi." Watu wakanicheka na mimi. Nilipoanza tena kutafuta kichwa, alinikuta mlangoni nimevaa buibui. "Unakwenda wapi, hayawani? Kichwa si hiki?"

Nilikataa. Tukagombana siku mbili, na aliyeshinda unamjua.

Safari hii alitii, na alitii kwa kunikomoa. Siku kumi na moja hakutia maji kichwani. Alikuwa anaingia uani kwa majirani na kutangaza, "Nanuka! Nipisheni, nanuka, ni masomo haya!" Siku ya mtihani kondakta wa matatu alimtazama vibaya, naye akamweleza kisa kizima kuanzia mwanzo. "Sasa mama?" mwalimu akasema tulipoingia saluni. "Marahaba," nikajibu. Nikashusha pazia. Nilimkagua kichwa unywele kwa unywele, nikamkagua na kucha za vidole. Kisha nikatia dawa.

"Wifi, inawasha?" nikauliza dakika ya kwanza.

"Kinachoniwasha ni sura yako kwenye kioo, zuzu wee."

Nikavuta pumzi. Dakika ya tatu nikauliza tena, nikaambiwa mimi mkia wa mbuzi, nasogezwa na upepo. Dakika ya sita niliambiwa marehemu kaka yake alinioa kulikuwa na giza. Ya tisa aligusia mapishi yangu. Wasichana walikuwa wamejiziba midomo kwa taulo. Mwalimu akanisogelea, kaudhika kwa niaba yangu. "Mama, mbona unakubali huyu akutusi hivi?"

"Mwache," nikasema. "Tafadhali mwalimu, mwache anitukane."

Dakika ya kumi na mbili akanyamaza.

Nikaangalia saa. Nikaangalia vidole vya miguu, kavificha chini ya buibui. "Wifi?" Kimya. Kiti cha dirishani kilikuwa pale, na beseni lilikuwa pale, hatua nne. Nikaweka mkono begani kwake nimwinue. "Wifi!"

"Ngoja nipumue, juha wee!" akasema. "Yameniishia, natafuta mengine."

Niliosha dakika ya kumi na tano, si kabla, si baada. Mwalimu akachukua kichana chake, akakitia utosini, akakivuta mpaka mwisho. Akarudia pembeni, akarudia kisogoni, akarudia polepole pale nyuma ya sikio penye nywele fupi. Kilipita. "Umepasi, mama," akasema.

"Kapasi yeye na nani?" wifi akauliza kutoka ndani ya taulo. "Kichwa ni cha nani?"

Nilitaka kumwambia asante, nikabaki nimelishika lile taulo. Akanitazama kwenye kioo. "Unalilia nini tena?" akasema. "Nipeleke nyumbani nikaoge, nanuka."