Damu Imetulia

Mtu asije akamwita dada yangu bubu mbele yangu, tutakosana. Hasikii tangu utotoni, hilo kweli, lakini maneno anayo kuliko mimi, na mimi ndiye mtaani wananiita Redio. Anasema kwa mikono. Lugha yenyewe tuliitunga wawili tukiwa watoto, chumba kimoja, kitanda kimoja, na hata mama anaijua nusunusu. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, hakwenda, kusoma hajui. Chochote anachotaka kusema lazima kipite vidoleni mwake, kinifikie mimi, ndipo kiende kwa watu.

Kazi tulifanya pamoja. Mimi napokea nguo kwenye kaunta ya dobi, yeye alikuwa chumba cha nyuma akipiga pasi. Kati yetu kuna dirisha la kupitishia nguo, na hapo dada aliwasengenya wateja mchana kutwa. Bwana mmoja alileta shati lenye rangi ya mdomo kwenye kola, eti ni mchuzi. Dada akaweka pasi chini, akaigiza mchuzi huo ulivyomkumbatia bwana wa watu na kumbusu shingoni. Nilicheka mpaka yule bwana akaniuliza kama naumwa.

Halafu akaanza kupunguza maneno. Ndiyo, hapana, kesho, basi. Asubuhi hasemi kabisa mpaka jua lipande.

"Mwambie mwenzio aache kununa," mama akaniambia. "Nyumba hii haina msiba."

Kumbe wala hakununa. Siku moja nilimwona anataka kukunja ngumi, ambalo ndilo neno letu la njaa, vidole vikagoma katikati. Vifundo vimevimba, vinang'aa. Aliponiona, akaficha mikono chini ya shuka la mteja. Alikuwa na miaka thelathini na minne tu, jamani.

Hospitalini wakamtoa damu. Daktari, kijana mpole, akatueleza kuwa ni baridi yabisi: kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe, inamla viungo. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Akasema kwenye damu kuna protini zinazopanda mwili ukiwaka moto kwa ndani, na za dada zilikuwa juu mno.

"Baadhi yake tumezoea kuziona juu kwa wazee," akasema. "Ningeletewa damu hii bila jina, ningebahatisha kwamba ni ya bibi wa miaka sabini."

Nikamfikishia dada. Akafikiri kidogo, akajibu, "Mwambie basi aniamkie."

Daktari alipoelewa, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi." Dada akamgusa utosini, mzito kama mwenye wajukuu kumi, na sote tukacheka. Kisha uso ukambadilika. Akaniambia nifikishe neno lake vizuri, nisipunguze: "Miguu iende ikitaka. Mikono, hapana."

Nililifikisha huku nalia.

Wakampa dawa, wakawa wanampima damu kila mara. Wakamfunga na vibao kwenye viganja ili viungo vipumzike. Mtu anayesema kwa mikono ukimfunga vibao umemziba mdomo, nani asiyelijua hilo? Basi akawa anavivua. Muuguzi mmoja akachoka naye, akafoka, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Hapo hapo akajishika mdomo.

"La huyu lilikufa zamani," nikamwambia, "tafuta methali nyingine!"

Dada akataka kujua tunagombania nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akajishika mbavu, mkono ukamuuma, kicheko kikaishia kwenye machozi.

Dawa ya kwanza haikumfaa. Ya pili ilimtapisha. Ya tatu ilipokubali, vidole vilikuwa vimeshapinda upande mmoja na kugandia huko. Kazi ya pasi akaiacha. Nyumbani tukawa tunabahatisha, kwa sababu ngumi, kiganja na kidole kimoja vyote vilikuwa na umbo lilelile. Maji niliyajua kwa kuwa analitazama birika. Usingizi niliujua kwa macho yake. Ya moyoni hayana birika la kutazama.

Juzi daktari alitugeuzia skrini, meno yote nje. "Damu imetulia! Protini zimeshuka, zimekaribia za mtu asiyeumwa. Mwambie ugonjwa tumeufunga breki."

"Na vidole?" nikauliza.

Akapunguza sauti. "Kilichokwisha kuharibika, dawa haikirudishi."

Nikamwambia dada yote mawili, la heri na la shari. Kisha akainua mikono, akaanza kusema jambo refu. Refu kweli. Akagusa kifua chake, akanigusa mimi, uso ukapanda na kushuka, na vile vidole vikazunguka hewani. Nilikaza macho mpaka yakaniuma. Akarudia, polepole zaidi.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, na jibu sijawahi kulikosa.

"Sijui," nikasema. "Wallahi, daktari, sijui."

Dada aliona usoni kwangu. Ana namna yake kwa watu baki wasioijua lugha yetu: anatabasamu, anatikisa kichwa, anaachana nao. Akanitazama, akatabasamu, akatikisa kichwa.