Niliposhitaki Kwenye Kikao cha Mahari

Jumapili saa tisa na dakika kumi alasiri niliingia ofisi ya kata, Buswelu, na ripoti ya mikopo ya Mama. Benki ilimnyima mkopo wa friza ya samaki kwa sababu ripoti ilisema anadaiwa pikipiki na kampuni moja ya Mkolani. Mama hajui hata baiskeli. Nilimwambia aniachie mimi, baraza la kata litamaliza, maana somo la Uraia nina A.

Mimi huona aibu hata kuomba ruhusa ya chooni, kwa hiyo maneno nilikuwa nimeyakariri. Nilikuta wazee wamejaa ukumbini. Nikafurahi kwamba baraza linafanya kazi mpaka Jumapili. Nikapiga goti, nikasema shikamooni, nikaomba jina la mama yangu lisafishwe leo leo.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Bibi mmoja alifuta machozi.

"Kwani huyu ndiye bibi harusi?" akauliza.

"Hapana," akajibu mshenga, karani mstaafu wa mahakama. "Binti, hapa tunapanga mahari, ukumbi tumeazima. Hilo lako andikieni kwanza hiyo kampuni. Wakikataa kurekebisha, mtawashitaki mahakamani Nyamagana waliko wao, siyo huku Ilemela."

Nyumbani nilimwambia Mama baraza limetushauri vizuri.

Jumatatu asubuhi tulipeleka barua Mkolani. Dada wa mapokezi akaigonga muhuri, akaahidi watarekebisha, kisha akanikazia macho.

"Jana si wewe niliyekuchungulia dirishani ukiingia kwenye kikao cha mahari yangu?"

Mama akanigeukia taratibu.