Vénérand Aonja Kwanza

Miaka minne Vénérand aliosha vyombo katika mgahawa wa Kiitaliano kule Berea, mtaa mmoja kusini kabisa mwa Afrika, mimi nikipika pembeni yake, na miaka yote minne alinichosha kwa habari za divai. Mwaka 2012 bosi wetu, Mwitaliano mkali lakini si mbaya, akamwambia akizijua sheria za divai ya Gattinara atajaribiwa kuhudumia mezani Jumapili moja. Akikosea, anarudi kwenye sinki.

Gattinara ni mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, na divai yake nyekundu huitwa kwa jina hilo hilo. Sheria zake nilizishika bila kutaka, maana Vénérand alizikariri kwa sauti akisugua masufuria. Zabibu za nebbiolo zisipungue asilimia tisini. Divai ikae miezi thelathini na mitano kabla ya kuuzwa, ishirini na minne kati yake ndani ya pipa la mbao.

"Mama Bernadette," aliniambia, "kwetu Burundi nani anaweza kungoja hivyo?"

Jumapili ikafika. Shati jeupe, tai nyeusi. Meza yake ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja mzee na wanawe. Akafungua chupa vizuri, akamimina kidogo kwenye glasi ya bibi, halafu, Mungu wangu, akainywa mwenyewe.

Niliona yote kupitia dirisha la jikoni, nikataka kulia. Kwao anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue kinywaji hakina sumu. Desturi nzuri sana, lakini si kwenye glasi ya mteja! Bosi alikuja mbio, uso umemwiva.

Vénérand hata radhi hakuomba. Alikuwa amekunja uso.

"Bosi, hii divai iko mubaya."

Bosi akanusa, akaonja, akaiondoa chupa mezani. Ilinuka boksi lililolowa, kizibo kilikuwa kimeiharibu. Bibi alipoelezwa desturi ile alicheka mpaka akajifuta machozi, akataka chupa nyingine kwa sharti kwamba Vénérand aionje pia. Bosi mwenyewe akamletea Vénérand glasi yake. Nilifurahi utadhani nimepandishwa cheo mimi.

Jioni tukaenda kwake kusherehekea. Mkewe, Libérate, akamimina pombe yake ya ndizi, akaonja, akakunja uso, akaiweka glasi chini. Vénérand akashtuka, akauliza kama imeharibika.

"Hapana, papa," Libérate akasema. "Iko muzuri. Lakini sheria inasema ungoje miezi thelathini na mitano."

Kisha akampa glasi kwa mikono miwili.