Mama Alipoinama Kuangalia Magoti

Kitale nimekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo kwa miaka mingi, na anayenikosoa bila kupepesa macho ni mmoja tu: mama yangu, mkandaji wa Tongaren. Wachezaji wa kule wakiumia humkimbilia yeye na kikopo chake cha samli. Hilo lilinikera kweli. Ati mimi nimesoma, yeye anasifiwa!

Mwaka jana binti ya kaka yangu, mlinda lango wa timu ya shule, aliruka akaangukia goti lililokunjwa. Mama hakumkanda. Alimleta mwenyewe mpaka kliniki yangu ya Kibomet, hapa Kitale, nami nikajiona nimeshinda.

Nilimlaza msichana, nikamkunja magoti yote mawili, nikauvuta muundi wa mguu mbovu kuja mbele. Ulikuja kwa urahisi. Nikatangaza kwamba kano ya mbele ya goti imekatika, lazima apasuliwe, na mpira huenda ndio basi. Akajifunika uso kwa glavu zake, ambazo alikuwa amekataa kuziacha nyumbani. Nami nilikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu.

Mama alikuwa ameinama kando ya kitanda, macho sawa na magoti, vile anavyokagua mistari ya mahindi.

"Umevuta kabla ya kuangalia," akasema. "Huu mguu umebonyea. Umeurudisha tu kwao."

Nilikasirika, halafu nikainama. Jamani! Muundi ulikuwa umezama nyuma, na mimi nilikuwa nimeuvuta tu hadi mahali pake. Kano iliyoumia ilikuwa ya nyuma, ile tunayokutana nayo kwa nadra, na picha ya goti iliyopigwa baadaye ilithibitisha hivyo. Hiyo mara nyingi hupona bila kisu. Niliona aibu, lakini furaha ilizidi.

Tulimfunga goti kwa kifaa cha kusukuma muundi mbele, nikamfundisha kukaza misuli ya paja. Mama alimsimamia kila asubuhi, mkali kunishinda.

Miezi ikapita. Juzi, uwanjani Misikhu, aliruka tena, akaanguka tena. Mama akanishika mkono akauminya mpaka ukauma. Msichana akainuka na mpira kifuani.

Hapo ndipo nikamuuliza kwa nini siku ile hakumkanda kama anavyowakanda wengine wote.

"Huyu ni wetu," akasema, bado amenishika. "Wetu nampeleka kwa daktari wangu."

Mimi si daktari, na Mama anajua. Sikumsahihisha.